Gari Jeusi la Bwana Samaki

Vijana wa garaji, mmeniomba niwaandikie namna ya kuondoa miviringo ya mikwaruzo kwenye rangi nyeusi ya gari kwa mashine. Nilidhani nusu karatasi itatosha. Lakini kila nilipoanza kueleza inavyoondolewa, nilikuta lazima kwanza nieleze nilivyoitia mimi mwenyewe, na karatasi zikaongezeka. Mke wangu amefurahi. Anasema tangu nipumzike kazi ninamzuia njia jikoni, na mtu anayeandika angalau anakaa mahali pamoja.

Sitawaeleza nilipandishwa lini wala nililipwa nini. Mambo hayo hayang'arishi gari.

Nilifika Elisabethville, kama mji huu ulivyoitwa wakati ule, kutoka kaskazini, kule kwenye michikichi, baada ya baba yangu, aliyekuwa mtu wa reli, kuhamishiwa huku. Nilichukuliwa garajini kuosha magari. Siku ya kwanza mwenye garaji alinionyesha kwa kidole gari moja dogo, akanipa ndoo, akaniambia nioshe lote. Neno "lote" nililichukua kwa moyo wangu wote. Nilifungua milango, nikamwaga ndoo tatu ndani, juu ya viti, nikasugua mpaka pamba ikatoka. Gari lile lilinuka kama mbwa aliyenyeshewa mpaka mvua nyingine zikaja. Mwenye garaji, ambaye sisi tulimwita Bwana Tumbako kwa sababu kiko hakikutoka mdomoni mwake hata akipiga simu, alitaka kunifukuza siku ile ile. Aliyenitetea ni Mzee Petro.

Petro Mwape alikuwa fundi wa kung'arisha. Alikuwa mtu wa hapa hapa, wazee wake walilima mashamba yao kabla mtu yeyote hajachimba shaba, na alisema hivyo mara kwa mara, hasa akiona mtu wa kaskazini kama mimi amekosea. Akamwambia Bwana Tumbako, "Patron, uniachie huyu. Muntu anasugua namna ile, mikono yake iko muzuri. Iko kichwa tu njo haiyafika."

Kichwa changu kilichukua miaka kufika. Mzee Petro alinivua kwanza mkanda, kwa sababu kifungo cha mkanda hukwaruza mlango unapoinama, nikafunga suruali kwa kipande cha kitambaa. Nilipooa akanivua na pete kila asubuhi na kuitia kwenye kopo la chai. Kitambaa kikianguka chini kilikuwa kimekufa, hata kikiwa kipya. Tuliwapa watu wa injini. Vumbi letu jekundu mnalijua. Mkononi ni laini, lakini ndani yake mna chembe ngumu, na chembe moja ikishikwa na kitambaa inaandika juu ya rangi nyeusi kila mnachofanya. Kwa hiyo maji kwanza, maji mengi, kisha maji tena, ndipo mkono.

Yeye alisugua kwa mistari iliyonyooka, kutoka mbele ya gari kwenda nyuma, kamwe si kwa kuzungusha. Dawa ya kusugua aliichukua kwa kidole kimoja, kidogo kabisa. Akimaliza, analaza shavu lake juu ya kapo, kile kifuniko cha injini, kisha anapitisha migongo ya vidole. Gari moja jeusi lilimchukua siku nne. Likitoka mikononi mwake, wenye nyumba kubwa za mtaa wa Golf walijitazama humo wakirekebisha tai.

Baada ya vita vya pili vya dunia ikaja mashine.

Ilitoka Ulaya ndani ya sanduku la mbao, nzito kama mtoto wa miaka mitatu na mkaidi vilevile. Ina mota, ina mkono wa kushika pande mbili, na mbele yake sahani inayozunguka, ambayo unaivalisha kofia ya manyoya ya kondoo. Bwana Tumbako alitukusanya, akauliza nani ataijaribu. Nilipiga hatua mbele kabla hajamaliza. Mashine ilinivuta, ikanizungusha, nikafuta kwa tumbo langu ukuta uliopakwa chokaa siku ile. Watu walicheka juma zima. Lakini baada ya mwezi mmoja niliishika vizuri, au nilidhani hivyo, na hapo nikaharibika mimi kabla ya magari kuharibika. Nilianza kutembea garajini na waya begani. Nilikwenda kwa mpiga picha nikiwa nimevaa tai, nimekumbatia mashine. Picha iko mpaka leo. Mke wangu ameitundika nyuma ya mlango, ili mlango ukiwa wazi isionekane.

Jumatatu moja ya kiangazi, wakati wa vumbi lenyewe, aliingia mfanyabiashara Mgiriki aliyeuza samaki wa kutoka njia ya Kasenga. Sisi tulimwita Bwana Samaki. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na gari lake jeusi, refu, lililochoka, lilitakiwa kumpeleka kanisani likiwa kama limetoka kiwandani. Bwana Tumbako akaniita mimi na Mzee Petro pamoja.

"Damiani," akasema, "weye na mashine, siku mbili. Kama iko muzuri, mwisho ya mwezi Petro atapumzika. Garaji haiwezi kulipa bantu mbili kwa kazi moja."

Alisema hivyo Mzee Petro akiwa amesimama pale pale. Nanyi mjue maana yake wakati ule. Nyumba aliyokaa Mzee Petro katika site, mtaa wa wafanyakazi Waafrika, ilikuwa nyumba ya kazi. Ukitoka kazini unatoka na nyumbani, na karatasi ya kukaa mjini nayo inaisha. Mkewe, Mama Veronika, alikuwa anatibiwa hospitali kila juma, anachomwa sindano ambazo kijijini kwao hazikuwako. Haya yote niliyajua. Ningependa kuwaandikia kwamba moyo uliniuma. Ukweli ni kwamba niliwaza mashine yangu itaonekana na watu wote siku ya harusi.

Nikalianza gari lile ndani ya garaji, kwenye kivuli, chini ya balbu. Nilibonyeza mashine kwa nguvu zote, maana niliamini kazi ni jasho. Kofia za manyoya nilikuwa nimezifua Jumamosi na kuzianika kwenye uzio, upande wa barabara, zikapigwa na upepo na kila lori lililopita. Zilikuwa zimekauka vizuri sana, na zimejaa mchanga.

Jumanne jioni nililisukuma gari mlangoni mahali jua lilipoingia, nikaona. Juu ya kapo, juu ya milango, kila mahali mashine ilipopita, kulikuwa na miviringo, mikwaruzo myembamba inayozungukana, na ukihama hatua moja nayo inahama pamoja nawe. Mnajua jinsi rangi nyeusi ilivyo: haimfichii mtu siri.

Mtu mwenye akili angemwita Mzee Petro. Mimi nikakimbia nyumbani.

Kwetu kaskazini, Jumapili kabla ya misa, mama alitupanga mstari na kutupaka mafuta meusi ya kokwa za mchikichi, kuanzia paji la uso mpaka kwenye visigino. Hata ukiwa umekauka na kupasuka kama udongo, ukipakwa mafuta yale unaingia kanisani unang'aa. Mke wangu alikuwa na chupa ya mafuta hayo, ameletewa na shangazi yake. Nikaichukua yote. Jumatano alfajiri nikampaka Bwana Samaki gari lake, kwa kitambaa laini, taratibu, mpaka miviringo yote ikanywa mafuta na kupotea. Nalo lilipendeza! Bwana Samaki alilizunguka mara mbili, akanipa mkono. Bwana Tumbako alitoa kiko mdomoni, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Mzee Petro alikuwa ameketi juu ya kopo lake kubwa la rangi, amegeuza kichwa kidogo, ananusa hewa.

Nilitegemea gari litalala kwake mpaka Jumamosi. Sikujua kwamba Bwana Samaki alikuwa na dada yake mkubwa Kasomeno, na kwamba alitaka kwenda kumchukua kwa gari lile lile, ili dada awe wa kwanza kulipanda.

Barabara ya Kasomeno wakati wa kiangazi haihitaji maelezo. Alhamisi mchana kitu kikaingia garajini. Hakikuwa gari jeusi. Kilikuwa tofali refu lenye magurudumu. Mafuta yalikuwa yamekamata vumbi la safari nzima, kwenda na kurudi, likashikamana mpaka juu. Mtu alikuwa ameandika kwa kidole mlangoni, na dada yake Bwana Samaki alikuwa na viganja vyekundu na gauni lenye alama ya kiganja. Tuliliosha kwa sabuni mara tatu. Vumbi likatoka, mafuta yakatoka, na miviringo ikabaki, pamoja na mingine mipya iliyotokana na lile vumbi.

Bwana Samaki hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi akashika kichwa. "Mutoto yangu ataolewa Jumamosi," akasema, "na gari iko sawa sahani ya mbwa."

Niliwasha mashine papo hapo nikabonyeza tena, kwa hofu sasa, nikaipeleka mpaka kwenye ukingo wa kapo. Kwenye ukingo rangi ni nyembamba, na mashine haina huruma. Pakanuka, na kipande cha ukubwa wa ukucha kikawa rangi ya kahawia, ile rangi ya chini. Nikazima. Wakati ule ndipo nilipolia, mbele ya watu wa injini, mtu mzima mwenye picha ya mpiga picha.

Mzee Petro akaja, akauliza, "Iko kofia ingine?"

"Iko, baba. Lakini zote zilianikwa kule."

"Ulete maji na kitana."

Hiki ndicho mlichoniomba niwafundishe, na si mimi niliyevumbua. Tulifua kofia kwa sabuni na maji ya moto, tukazichana kwa kitana cha Mama Veronika mpaka maji yaliyotoka yakawa meupe, tukazikausha ndani, tumezifunga kwenye shuka. Dawa ile nzito niliyoitumia aliitupa pembeni, akachukua laini, akaichanganya na maji kwenye kifuniko cha kopo. Ijumaa asubuhi tulilitoa gari nje, juani, maana kivuli kinadanganya. Akalaza shavu juu ya kapo.

"Damiani, unaona nini?"

"Minaona miviringo, baba."

"Iko mingi wapi?"

"Hapa. Na kule karibu na taa."

"Shika mashine. Usisukume. Ile mashine iko na kilo yake, uiache itumike yeye mwenyewe. Weye unaiongoza tu."

Nikaiongoza. Taratibu, sehemu ya ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, kwenda na kurudi, kisha juu na chini, kila mara nikipita nusu ya nilipopita kwanza. Yeye aliweka kiganja juu ya bati nyuma yangu. Bati likianza kupata moto aliniamuru nisimame. Kila sehemu ikimalizika, tulifuta kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, ili mafuta yaliyo ndani ya dawa ya kusugua yasituongopee kama yangu yalivyowaongopea wengine. Ikiwa miviringo bado iko, tunarudia. Ikiwa imekwisha, tunasonga. Pembeni, kwenye kingo, tulizima mashine, akasugua yeye kwa kidole. "Unaona nini?" aliuliza kila mara, nami nikajibu, nikajua hii ndiyo njia yake ya kunifundisha kutazama.

Saa za mchana aliniambia nimpe kopo la rangi nyeusi, afunike kile kidonda changu cha ukingoni. Nilikuwa nimeweka makopo mawili mbele yake, nyeusi na nyekundu, yote wazi. Akachovya brashi kwenye nyekundu.

Nilimshika mkono kabla haujafika. Nikamtazama machoni, kwa mara ya kwanza pengine kwa miaka mingi, nikaona yamefunikwa na weupe kama wa maziwa yaliyomwagiwa maji.

"Toka lini, baba?"

"Toka mbele ya mashine kufika," akasema. "Mwanga minaona. Bantu minaona sawa kivuli. Rangi, hapana." Kisha akasema, "Patron akijua, hata mwisho ya mwezi sitafika."

Mimi nililipwa kwa kuona. Niliweza kukuonyesha mkwaruzo mwembamba kuliko unywele ukiwa upande wa pili wa barabara. Na mtu aliyekuwa ananifundisha kila siku, aliyekula chakula karibu nami, sikumwona. Nilisikia aibu ambayo bado sijaimaliza. Nikaielekeza brashi kwenye kopo la kweli, nikaielekeza mpaka kwenye ukingo, na kuanzia hapo kidole chake kilijua kazi.

Saa tisa gari likawa tayari. Jua lilikuwa limeinama upande, ule mwanga mbaya kuliko wote kwa fundi, na hatukuona hata mviringo mmoja. Nasema "hatukuona" kwa heshima. Niliona mimi, naye alisikia kwa shavu. Bwana Samaki alikuja, akaweka mikono nyuma, akaogopa kuligusa. Bwana Tumbako akanipiga bega.

"Njo vile," akasema. "Mashine iko nguvu. Petro, mwisho ya mwezi utapumzika, sawa tulisema."

Mngenijua siku zile mngejua kwamba sikuwa mtu wa ujasiri. Lakini nikapiga hatua mbele kama siku ile ya sanduku, bila kufikiri, nikasema yote. Nikasema habari za kofia nilizoanika kwenye uzio. Nikasema mafuta ya kokwa. Nikasema, "Patron, hii kazi haiko ya mashine, haiko yangu. Iko ya Mzee Petro. Mimi nilishika tu."

Nilitegemea machozi, labda mkono. Nilipomgeukia Mzee Petro nikaona amekuwa na uso wa mtu aliyesukumwa mtoni.

Kwa sababu Bwana Tumbako akatabasamu, akasema, "Ah, Petro? Kama njo weye, unionyeshe. Kuko pahali moja bado mubaya. Iko wapi?"

Ndipo nikaelewa nilichofanya. Kwa ukweli wangu mzuri nilimpeleka kipofu kwenye mtihani wa macho, mbele ya watu, na nyumba yake na sindano za mkewe zikiwa juu ya meza.

Mzee Petro hakuharakisha. Alivua kofia. Akaweka migongo ya vidole kwenye mlango wa nyuma, akatembea kando ya gari, mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni, vidole vikiteleza, mlango, kisha mlango wa mbele, kisha kapo. Watu wa injini waliacha nyundo. Alifika kwenye ukingo, akasimama. Kidole kimoja kikarudi nyuma kidogo.

"Hapa, patron," akasema. "Huyu alichoma rangi. Nilifunika, lakini ingali mbichi, iko juu kidogo. Siku ya Jumatatu, ndoa ikiisha, Bwana aturudishie, nitaisawazisha."

Bwana Tumbako akainama. Akavaa miwani, akainama tena. Akapitisha ukucha. Baadaye alituambia hakuwa ameona kitu chochote. Alisema tu, kumjaribu.

Alisimama akiwasha kiko kwa muda mrefu. "Basi," akasema. "Petro anabaki. Mashine iko na nguvu, lakini haina macho. Petro atakuwa macho ya mashine." Kisha akanigeukia. "Na weye Damiani, mwaka muzima, ndoo."

Nikarudia kuosha magari, mimi fundi wa mashine, katikati ya vijana waliozaliwa nikiwa tayari garajini. Mke wangu aliposikia habari nzima, jambo lililomuuma lilikuwa chupa. "Ulipaka motokari mafuta ya mubili," alisema. "Sasa utaipeleka komunyo siku gani?" Watu wa injini waliniita Bwana Mafuta, na jina hilo lilihamia nami mpaka huku Ruashi, ambako watoto wasiojua garaji wala gari wananisalimu hivyo. Mashine aliishika kijana mwingine, na Mzee Petro alisimama kando yake akiuliza "Unaona nini?", na kijana yule aliamini, kama nilivyoamini, kwamba anafundishwa. Mama Veronika alimaliza sindano zake mjini, katika nyumba yake.

Lakini nimeruka jioni ya Ijumaa ile. Kengele ya kutoka ilipolia, nilimfuata Mzee Petro langoni, nimeinamisha kichwa, nikitafuta neno la kuomba msamaha. Yeye ndiye aliyeanza.

"Damiani."

"Eeh, baba."

"Siku ingine ukitaka kusema kweli, uniulize kwanza."

Akaweka mkono begani kwangu, kwa sababu mbele yetu kulikuwa na mtaro na jua lilikuwa linamchoma machoni. Tukatembea hivyo mpaka site, na kila jioni baada ya ile, miaka minne, mpaka alipopumzika kwa kutaka mwenyewe. Watu waliokaa milangoni walikuwa wakituamkia. Walisema mnamwona Damiani, ingawa amerudishwa kwenye ndoo, mkubwa wake anampenda hata anatembea amemshika bega. Sikuwasahihisha hata siku moja.